Wasifu wa Salvator Nzeyimana, Mlinzi wa Lango na Baba wa Désiré

Baba Padri, ndugu wafiwa, wanajumuiya, na majirani wa Queensburgh mliotuazima viti: kwa ridhaa ya mjane, yanasomwa mbele yenu maisha ya mdogo wetu Salvator Nzeyimana, ambaye Mwenyezi Mungu alimjalia miaka sitini na sita ya uvumilivu na miguu mifupi. Wasifu huu mnao mikononi katika programu, nanyi mnajua kwamba ulichapishwa jana jioni, si Jumatano kama ilivyotangazwa kanisani. Uliochelewesha kazi ni mstari mmoja tu, ule wa mwisho, unaotaja watoto wa marehemu. Kamati ya mazishi ilibishana juu ya mstari huo wiki nzima, na kwa kuwa kila aliyekuja matangani aliusikia ubishi huo kupitia dirishani, ni haki ausikie na asili yake.

Marehemu alizaliwa Ngozi, nchini Burundi, tarehe 8 Septemba 1958, siku ambayo Kanisa huadhimisha kuzaliwa kwa Bikira Maria. Alikuwa wa tatu kati ya watoto watano. Mama mzazi alisimulia kwamba uchungu ulimshika Misa ikiendelea, akajifungulia nyuma ya sakristia, na kichanga hakikulia mpaka padri alipomaliza mahubiri. Wakunga walitaharuki. Baba mzazi, aliyekuwa katekista, alisema tu, "Anangoja zamu yake." Tabia hiyo hakuiacha hadi kufa.

Alisoma shule ya msingi ya misheni hapo hapo Ngozi kuanzia mwaka 1965 hadi 1972, kisha akaingia seminari ndogo, alikodumu miaka mitatu. Kilatini hakikumpenda, naye hakukilazimisha. Katika michezo alikuwa mdogo kupita wenzake wote, kwa hiyo mwalimu wa mpira alimkabidhi kazi ya kulinda viatu vya wachezaji. Hakikupotea hata kimoja. Katika miaka hiyo mitatu, kwa ushuhuda wa waliosoma naye, Salvator hakugusa mpira hata mara moja.

Tarehe 12 Julai 1986 alifunga ndoa takatifu na Goreth, binti wa Kayanza. Kabla mwaka haujaisha walikwisha kuchagua jina la mtoto wao wa kwanza, Désiré, yaani Aliyetamaniwa, na Goreth alikwisha kumfumia kofia ya sufu ya buluu. Mtoto hakuja. Vita vilikuja badala yake, na mwaka 1996 walikimbilia kambini Kigoma, ambako Kiswahili chao kilinyooka, na kutoka huko, kwa safari ambayo marehemu hakupenda kuisimulia, wakafika Durban mwezi Machi 2001. Kofia ya buluu ilivuka mipaka yote hiyo ikiwa chini kabisa ya sanduku. Juu ya jina walilolichagua, wenyewe hawakuzungumza tena.

Hapa Durban mama Goreth alipata meza ya dagaa na sombe, yaani kisamvu, katika soko la Warwick Junction, na marehemu akaajiriwa kuwa mlinzi wa lango la ghala moja kule Bluff, kazi aliyoifanya tangu 2002 hadi alipostaafu 2021. Hakuwahi kuliacha lango kabla ya mwenzake kufika kumpokea. Siku moja bomba kubwa la barabarani lilipasuka, maji yakamfikia magotini, na meneja akampigia kelele kutoka ghorofani, "Salvator, ondoka hapo!" Marehemu akajibu kwa upole, "Mkubwa, wa kunipokea bado." Mwenzake alifika baada ya saa moja, kwa kuogelea kidogo.

Sasa tunafika kwa Désiré.

Mwaka 2018 marehemu alikuwa na mpangaji katika chumba cha nyuma, kijana mkubwa aitwaye Jules, fundi wa simu, ambaye leo amekaa pale mstari wa pili. Jules ndiye aliyemwonyesha ligi. Kwa faida ya ndugu waliotoka mbali: kuna watu, wengi wao Marekani, ambao kila mmoja humbuni mchezaji mmoja wa mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na mabega ya kubandika. (Wenyewe husema "kuumba." Neno hilo wameliazima; mwenye haki nalo anajulikana.) Mchezaji huyo hana mwili. Kila wiki mlezi wake huandika habari zake, ziwe mistari miwili au kurasa mbili, na kwa maandishi hayo mchezaji huhesabiwa kuwa amefanya mazoezi. Jumamosi kompyuta huzichezesha timu na kutangaza matokeo. Mchezaji asiyeandikiwa neno lolote kwa wiki tatu mfululizo hufutwa.

Ilipofika saa ya kuchagua nafasi uwanjani, Jules alimshauri vizuri.

"Papa, kamata huyu anatupa mpira. Ni yeye patron, mukubwa. Ni yeye banapiga picha."

"Na mbele yake nani anasimama?"

"Ah, hao? Hao ni banene tu, papa. Banazuia batu basimupige. Mpira hawagusi. Hakuna mutu anabajua."

"Basi mwandike huko," marehemu akasema.

Hivyo ndivyo alivyozaliwa Désiré Nzeyimana, akiwa tayari na umri wa miaka ishirini na mmoja, urefu wa mita moja na sentimita tisini na nane, na uzito wa kilo mia moja na arobaini na moja. Baba yake alikuwa na kilo hamsini na nne siku za sikukuu. Mama Goreth alipolisikia jina alilopewa kiumbe huyo, aliweka sufuria chini. "Jina lile lilikuwa letu wawili," alisema. "Umeligawa bila kuniuliza." Kuanzia siku hiyo, kwa miaka saba, mama Goreth alimwita mchezaji yule "huyo wa kompyuta," wala jina halikutoka kinywani mwake.

Désiré aliteuliwa wa mwisho kabisa katika mwaka wake, na timu ya Korongo wa Duluth. Msimu wa kwanza ulikuwa wa aibu. Kuna kosa katika mchezo huo la mlinzi kuchomoka mahali pake kabla mpira haujaanzishwa, na katika kosa hilo Désiré aliongoza ligi nzima. Fikirini wenyewe: mtoto wa mtu aliyekataa kuondoka langoni majini! Marehemu alikosa usingizi. Aliandika kwa viongozi wa ligi kuomba radhi kwa niaba ya familia, akiahidi kuzungumza na kijana. Wakamjibu kwa heshima kwamba hayo ni mahesabu tu ya mashine. Naye akawajibu kwamba malezi hayajawahi kuwa mahesabu, na kwa mwaka mzima kila alichokiandika kuhusu Désiré kilikuwa somo la kungoja: jinsi alivyongoja basi, alivyongoja chakula kiive, alivyongoja padri amalize mahubiri. Msimu uliofuata kosa lilipungua. Msimu wa tatu halikuonekana tena. Jules anasema ni kwa sababu ya pointi za nidhamu. Wengine tuna maoni yetu.

Mwaka 2020 Désiré aliumia goti. Jumatano, kwenye sala za jumuiya, ulipofika wakati wa nia, marehemu alisimama akaomba tumkumbuke Désiré, aliyelazwa Marekani kwa goti na atakosa mechi nne. Hakusema uongo wowote. Ndivyo matokeo yalivyotangaza. Jumuiya ilidhani ni mpwa. Ikaomba kwa juma zima, na kina mama wakafunga siku tatu. Kisha, kama ilivyo desturi yetu ya kutoacha mgonjwa bila kutembelewa, mama Colette, kiongozi wa wanawake, aliposikia eti Désiré "iko kwa nyumba," aliongoza ujumbe hadi nyumbani kwa marehemu, Queensburgh, na mchele, mafuta, sabuni ya mche, na jogoo aliye hai.

"Papa Salvator, pole sana. Mugonjwa iko wapi?"

"Karibuni. Iko mezani."

"Mezani? Amekwisha kuanza kukaa?"

Marehemu akawafungulia kompyuta. Mama Colette alikitazama kioo, akamtazama marehemu, akamtazama jogoo.

"Eish! Mimi nimefunga siku tatu juu ya goti ya masini?"

"Na goti limepona, mama. Ona hapa. Amerudi wiki mbili kabla ya wakati."

Mama Colette akasogeza miwani, akasoma tarehe, akahesabu kwa vidole. "Vraiment, kweli," alisema hatimaye. "Amepona Jumatano." Halafu akajikumbuka. "Lakini jogoo inarudi na mimi!"

Swali la kwamba sala iliyoombwa kwa ajili ya asiye na mwili huenda wapi, wanazuoni wa kale hawakuliacha na jibu, kwa kuwa katika vikao vyao vyote hakuna aliyewauliza. Linaloweza kuthibitishwa ni kwamba jogoo alirudi, mchele ukabaki, na tangu hapo mama Colette hakukosa kuuliza matokeo kila Jumapili baada ya Misa. Mwaka 2022 Korongo walitwaa ubingwa. Katika fainali mrusha mpira wao hakuangushwa hata mara moja, na jina la Désiré halikutajwa popote katika taarifa ya mchezo. Marehemu aliisoma taarifa hiyo mara mbili, akaridhika kabisa. "Ukitajwa," alisema, "jua kuna aliyepita."

Maradhi ya figo yalimwanza Novemba mwaka jana. Alilazwa Machi mwaka huu, na Jules akawa anampelekea kompyuta wodini. Alhamisi tarehe 1 Mei aliandika habari za Désiré kwa mara ya mwisho: kwamba amemtembelea baba yake mgonjwa, wakakaa kimya, ikawa siku njema. Alifariki Jumanne tarehe 13 Mei 2025, saa kumi alfajiri, mkewe akiwa amemshika mkono. Ombi lake kwa kaka yake lilikuwa moja: watakapoandika aliowaacha, wasimsahau mtoto.

Hapo ndipo kamati ilipokwama. Mwenyekiti wetu, mzee Japhet, mtu wa haki na aliyefanya kazi mahakamani Dodoma, alisimama kwenye hoja yake kama ukuta. "Ndugu zangu, programu ya mazishi huandika waliobaki. Huyu hakuwahi kuanza; atabaki vipi? Tukimwandika leo, kesho mtu atatuletea paka." Walioipinga hoja hiyo walikuwa wengi, lakini walikuwa wanalia, na mwenye kulia hushindwa hoja. Mwishowe mzee Japhet alitoa uamuzi: "Mama yake mwenyewe hajawahi kumtaja. Mjane akimtaja, nitaandika. Asipomtaja, basi." Mama Goreth alikuwa amekaa kwenye godoro la matanga, haongei.

Alhamisi alasiri, juzi, Jules alipiga magoti mlangoni pa chumba cha wanawake.

"Mama, pardon. Iko jambo. Leo wiki tatu zinatimia. Kama hakuna mutu anaandika, kesho batamufuta."

Mama Colette akamkemea. "We Jules! Mama iko kwa kilio, unamuletea mambo ya masini? Huna haya?"

Lakini mama Goreth aliinua uso. "Kumfuta namna gani?"

"Jina linatoka, mama. Inakuwa kama hakukuwako."

Mjane kwa desturi yetu hafanyi kazi yoyote kabla ya maziko: hulishwa, huogeshwa, hufungiwa kitambaa kichwani na wengine. Mama Goreth hakunyanyuka godoroni. Alisema tu, "Mimi sitashika. Andika wewe." Na akamtolea maneno haya, ambayo Jules aliyaandika kama yalivyo:

"Désiré amefiwa na baba yake. Hajala vizuri wiki hii. Lakini Jumamosi atasimama mahali pake."

Wote chumbani walisikia jina.

"Ongeza goti yake iko sawa," mama Colette akasema, akijifuta macho kwa kanga. "Wasimuonee. Tuliiombea."

Wanawake wakacheka, kicheko cha kwanza katika nyumba ile kwa siku tisa. Mama Goreth akaagiza sanduku lake liletwe. Akatoa chini kabisa ile kofia ya buluu, akamwambia Jules aiweke juu ya kompyuta.

"Goreth, dada," mama Colette akanong'ona, "huyu ni kilo mia na arobaini. Haitamutosha."

"Nilimfumia yeye," mama Goreth akajibu.

Mzee Japhet alikuwa amesimama ukumbini, kofia mkononi, akiwa amekuja kuuliza juu ya hema. Alikohoa. "Haya," alisema. "Sasa ana mama. Mwenye mama huandikwa." Na akaenda mwenyewe kwa mchapaji.

Marehemu ameacha mjane, Goreth, kaka mmoja, ambaye ndiye anayewasomea, dada wawili walioko Ngozi, Jules, asiyelipishwa kodi tangu 2019 na ambaye asijidanganye kwamba hatukujua, jumuiya nzima, na mtoto mmoja, Désiré, mlinzi wa upande wa kushoto wa Korongo wa Duluth. Désiré hayupo nasi hapa makaburini, kwa sababu inayoeleweka. Anacheza leo saa mbili usiku, na mama yake anaomba tusichelewe kurudi nyumbani.

Salvator, ndugu yetu, aliyekuja kukupokea amefika. Zamu yako imekwisha. Ondoka sasa langoni kwa amani, na Bwana akupe pumziko.