Fisi Mwenye Njuga wa Kansay

Mgeni rasmi, kabla hujauona uwanja wetu, umesikia njuga. Huo ni mpira wetu unaviringika. Karibu sana Kansay.

Tulikotoka
Sisi ni wanafunzi wanaoona na wasioona. Sote hucheza tumefunga vitambaa machoni, tukiusikiliza mpira na kulala chini kuuzuia kwa mwili. Mwanzoni Mwalimu Antonia alitupanga mstari, kila mmoja arushe mara ishirini. Hhando, asiyeona tangu kuzaliwa, akasinzia amesimama. Ndipo mwenzetu Piusi aliposema, "Mwalimu, mbona mbuzi hatukujifunza kuwalinda kwa mstari?"

Mwalimu akacheka. Kuanzia siku hiyo mpira ni fisi, goli ni boma. Fisi akipenya, mwalimu anasimamisha mchezo: "Kapita wapi? Mngelalaje asipite?" Jibu hatupi. Tunalitafuta wenyewe, kisha tunacheza tena.

*Fisi ameshika njia, njuga yake yamtaja;*
*Nasi tumemsikia, langoni tunamngoja.*

Tulichoshinda
Mwezi wa tano tuliwafunga Karatu mjini saba kwa mbili. Kapteni wao, Yasini, alivua kitambaa akauliza, "Nani huyu kanizuia mara nne?"

Hhando akamjibu, "Ni boma, kaka. Piga hodi tena!"

Na hayo mabao mawili tulijifunga kwa furaha yetu. Mpira ungali njiani, mama yake Hhando alipiga vigelegele, njuga haikusikika. Alipoambiwa, aling'aka: "Mwanangu anacheza, ninyamaze kama niko msibani?" Sasa wazazi wamekubaliana: vigelegele ni baada ya filimbi. Kijiji kizima kinaziba mdomo!

Kinachotuuma
Katika mashindano ya tarafa mwaka jana, tuliwekwa kuwa onyesho wakati wa chakula. Hakukuwa na mwamuzi wala pointi. Watu walitupigia makofi ya huruma huku wakitafuna. Mgeni rasmi, hatukuja kuhurumiwa. Tulikuja kushinda.

Ombi letu
Ni moja tu: mchezo huu uingie kwenye ratiba ya mashindano ya tarafa, ukiwa na mwamuzi na pointi. Hhando yuko darasa la saba. Mwaka huu ndio wake wa mwisho nasi.

Mungu akubariki wewe na nyumba yako. Hiyo ni dua ya Klabu ya Fisi Mwenye Njuga. Kabla ya kuketi, turuhusu tumgeukie mwenzetu, nawe uwe shahidi. Hhando, tunakuahidi mbele ya mama yako: usipopangiwa mechi ya kweli siku ya mashindano ya tarafa, hakuna hata mmoja wetu anayechezea timu ya mpira wa miguu ya shule atakayevaa jezi yake siku hiyo.