Ayaa Oryem, Aliyekataa Kupima Udongo Kiangazi

Dada yetu Ayaa Oryem alizaliwa tarehe 3 Machi 1971 katika kambi ya polisi ya Naguru, binti wa pili wa marehemu Sajini Oryem na Mama Akech. Mimi ni Oyet, mdogo wake. Nitasema ya kweli tu, mengine angenikatiza.

Alisoma Naguru, na mwaka 1994 akapata stashahada ya afya ya mazingira hapa Kampala. Tangu 1996 alipima udongo kwenye miteremko ya Mlima Elgon, na bila sahihi yake hakuna aliyepata kibali cha kuchimba shimo la maji taka. Wajenzi walimfuata Januari, barabara zikiwa kavu. Aliwafukuza. Kiangazi, alisema, ardhi ya mlimani ina kiu. Ukimwaga maji shimoni yanazama mara moja, na kibali kinatoka upesi. Mvua zikija, maji ya chini yanapanda, na choo cha tajiri kinateremka hadi kwenye chemchemi ya majirani. Kwa hiyo alipima Aprili na Mei, miguu matopeni.

Mchumba wake, Bwana Masinde, alipotaka ndoa ya Pasaka, alijibiwa, "Aprili nina mashimo. Januari nina nafasi." Walifunga ndoa tarehe 16 Januari 1999. Masinde alishukuru kupewa hata hiyo.

Saratani ya ini iligunduliwa Septemba 2024. Februari hii, mjenzi Oloo alimfuata hadi kitandani na karatasi za nyumba ya wageni anayotaka kuijenga juu ya chemchemi.

"Madamu, piga sahihi tu. Mvua zitakuja wewe umeshaenda."

"Ssebo, bwana wangu, mimi zitanikosa. Wewe je?"

Alifariki tarehe 19 Februari 2025. Oloo sahihi hakuipata.

Juzi, watu wangali matangani, Oloo alimwendea Babra, binti wa marehemu, anayefanya kazi ile ile. Na baadhi yenu nimewasikia: mtoto alegeze, asijitafutie maadui. Mimi ni mchuuzi wa soko la Kikuubo, kulegeza bei ndiyo kazi yangu. Hili haliuzwi. Bwana Oloo, nimekuona hapo nyuma. Chakula kipo, kula ushibe. Babra atapanda mlimani Aprili, mvua zikinyesha, na udongo ukikataa utajenga kwingine.

Ameacha mume wake Masinde, watoto Babra na Khaemba, Mama Akech, mimi, na watu wa mteremkoni wanaochota maji yale hadi leo.

Ayaa, pumzika kwa amani. Huku tarehe hatusogezi.