Daraja Lililoshuka Kilomita Elfu Mbili

Benchi letu liko kati ya kibanda cha Kinyozi na duka la saruji. Kahawa namimina mimi. Asubuhi ile Injinia, mpwa wa Kinyozi, alikuja na kompyuta, macho mekundu. Ndiyo kwanza anajifunza ile programu ya kupima jengo kabla halijajengwa. Kazi yenyewe ni kidaraja cha chuma cha kuvuka mtaro, mlangoni pa shule ya chekechea. Mafundi wanasubiri neno lake.

— Mjomba, nimechoka. Inasema daraja limeshuka kilomita elfu mbili.

— Kwenda wapi? akauliza Kinyozi.

— Chini.

Redio, dereva mstaafu, akasogea.

— Hapo limeshapita kuzimu.

— Chuma feki hicho, akasema Kinyozi.

— Feki wapi! akadakia Redio. Kompyuta ina kinyongo. Jana usiku uliiacha ilale?

— Babu, hebu! Programu inalikata daraja vipande vidogo vidogo, inapima kila kimoja kimebeba nini, halafu inaviunganisha.

— Basi kimoja kimegoma. Vimefanya kikao. Vina mwenyekiti.

Injinia akapiga paji la uso.

— Jamani, sikuiambia daraja limekalia nini! Halina pa kuegemea, liko hewani tu!

Akaliegemeza kwenye kingo za mtaro, akabonyeza. Daraja likabonyea katikati kama kitanda cha kamba. Redio akaruka kutoka kwenye benchi.

— Linavunjika! Ondoeni watu!

— Kaa, babu. Inatia chumvi ili jicho lione. Kwa kweli limepinda unene wa kucha. Ona rangi, kijani kitupu, maana yake salama.

Kinyozi akashangilia hadi mteja wake akachungulia na nusu ndevu. Injinia akawapigia mafundi.

Simu ikiita, akafika Mwalimu wa chekechea kutaka kahawa. Akainama kwenye skrini.

— Hivi vishale ni nini?

— Uzito wa watoto, Mwalimu. Wamejaa daraja zima, wamesimama.

— Wamesimama? Akacheka mpaka akashika benchi. Hawa wangu? Na wakiruka wote kwa mpigo?

Nikabaki na birika hewani. Kinyozi akamtazama Redio, Redio akamtazama Injinia.

— Halo, Injinia! fundi akaita simuni. Tuchomelee?

Injinia akavuta kompyuta karibu.

— Bado, fundi. Ngoja kwanza nijifunze kurusha watoto.