Mama Waya na Mvumo Uliotaka Kuniondoa Kazini

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika karakana ya ghorofa ya chini, fundi wetu mkuu wa mitambo ya sauti anastaafu rasmi Ijumaa, tarehe 30 Juni. Kwenye barua za ofisi ana jina lake, lakini kwetu ni Mama Waya, na akiitwa vingine hageuki.

Alianza enzi za kaseti, akiunga tepu zilizotafunwa na mashine. Zilipokuja kompyuta, wengi wa rika lake walikunja uso. Yeye alinunua moja mbovu, akaifungua juu ya meza ya chakula, na mumewe akala sebuleni wiki mbili. Mkurugenzi mmoja aliwahi kulalamika siku tatu kwamba kompyuta yake imekuwa bubu. Mama Waya alibonyeza kitufe kimoja, akaandika kwenye daftari la matengenezo "Imepona", na hadi leo hajasema ni mkurugenzi yupi.

Miaka sita iliyopita alimwokoa anayeandika maneno haya. Kazi yangu ni kusikiliza ushahidi uliorekodiwa mahakamani na kuuandika neno kwa neno. Tulipopewa kompyuta mpakato, hedifoni zangu zikaanza kuvuma kama nyuki ndani ya debe. Wenzangu walikuwa kimya, basi nikaamini masikio yangu ndiyo yanayokufa. Nilificha miezi miwili. Siku niliyoandika "nilimpiga" mahali shahidi aliposema "nilimpisha", msimamizi alinirudishia kurasa, nami nikaandika barua ya kuacha kazi.

Asubuhi iliyofuata Mama Waya alipita kuchukua mashine kuukuu, akaniona nimezikandamiza hedifoni kwa mikono miwili. Alizivaa mwenyewe, akafumba macho.

"Mwanangu, hata mimi nasikia. Masikio yako mazima. Umeme ndio mgonjwa."

Nililia mbele ya fundi wa watu. Yeye akaendelea na kazi. Alijaribu hedifoni nyingine: mvumo uleule. Akaisogeza simu yangu mbali: uleule. Akachomoa chaja: kimya. Akafuata waya wa chaja hadi kwenye ekstensheni chini ya meza, akaifungua, akanionyesha waya wa kijani na njano, ule wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, umekatika. Alileta ekstensheni mpya, akachomeka chaja, tukasikiliza kwa zamu. Kimya.

Barua niliichana. Yeye hakuishia hapo: alikagua ekstensheni za ghorofa zote tatu, akatupa kumi na nne. Moja ilikuwa imeshaanza kuungua chini ya zulia. Na wenzangu wawili wakakiri kwamba nao walikuwa wakiteseka kimyakimya.

Julai ataanza kufundisha ufundi nyumbani kwake. Wanafunzi wanane wamekwisha kujiandikisha, watano wao wasichana.

Mama Waya, asante kwa mikono yako na subira yako. Pumzika, ukiweza. Tunakuombea afya njema, wanafunzi wasikivu na miaka mingi ya furaha.