Mama Mipango Anaagwa Kendupani

Hakuna barabara hata moja katika Wilaya ya Malibera ambayo sikuijenga kwa mikono yangu mwenyewe. Haya, nimedanganya, tena wino haujakauka. Mikono yangu ilishika usukani tu. Aliyezijenga barabara hizo, bila kubeba kokoto hata moja, ni Bi Pramodini Barik, Ofisa Mipango wa Wilaya, ambaye sote twamwita Mama Mipango, anayestaafu leo tarehe 31 Julai baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi. Nilimwendesha kwa gari la ofisi miaka mingi kabla sijastaafu mwenyewe, ndiyo maana kamati ya sherehe imeniomba niandike wasifu wake. Walimwomba kwanza karani mkuu, lakini karani mkuu huandika kila kitu kama tangazo la msiba. Mimi niliishia darasa la nne. Makosa ya herufi mtanisamehe. Makosa ya adabu msinisamehe, nimeyakusudia.

Alifika Malibera akiwa msichana mwembamba, sanduku la bati mkononi, miwani mikubwa kuliko uso. Ofisi ya mipango wakati huo ilikuwa chumba kimoja nyuma ya hazina, chenye feni iliyozunguka pale tu Mkuu wa Wilaya alipopita. Kabati lilijaa mipango ya miaka mitano, mmoja juu ya mwingine, na mchwa walikuwa wameshaipitia yote kabla yake. Malibera, kama mjuavyo, haikukosekana katika orodha yoyote ya wilaya zilizobaki nyuma. Wazee wetu walikuwa wameanza kuona fahari: angalau kuna mahali tunashika nafasi ya kwanza.

Akakaa, akasoma walichobakiza mchwa. Akakuta kila kijiji kimeshapangiwa barabara, tangu zamani, kwa maneno mazuri kabisa. Mpango ulikuwepo. Ila kando ya kila barabara palikuwa na muhuri ule ule: awamu ijayo.

Mwaka wake wa pili, mkubwa mmoja kutoka Bhubaneswar, mji mkuu wa jimbo, alitangaza kuja kutazama shule ya Dhanupali. Tulipita njia hiyo Jumatatu tukaacha bomba la moshi la gari shimoni. Alhamisi tukapita tena, tukadhani tumepotea: barabara imesawazishwa, mawe ya kando yamepakwa chokaa, miche imepandwa pande zote mbili. Mama akaniambia nisimame. Akashuka, akashika mche mmoja, ukang'oka bila ubishi. Lilikuwa tawi tu, halina hata uzi wa mzizi.

"Kaka Khagu, barabara hii Jumatatu ilikuwepo?"

"Jumatatu, Mama, yalikuwa makaburi ya matairi."

"Sasa imejengwa kwa mpango upi?"

"Mpango wa mgeni."

Akacheka mpaka akakaa juu ya jiwe, akainuka sari imekuwa nyeupe kwa nyuma, na akatembea hivyo hivyo mjini kutwa nzima kwa sababu mimi sikumwambia. Jioni mbuzi walikula miche yote. Lakini mbuzi hawali barabara. Mgeni alikuja, akaondoka, barabara ikabaki, na siku hiyo ndipo Mama Mipango alipoanza kazi kwelikweli.

Tangu hapo hakuomba barabara tena. Aliomba wageni. Kila kijiji kilichozama matopeni alikitafutia kitu cha kuzinduliwa: ghala la mbegu, zizi, cherehani za akina mama. Huko Sargibahal wakubwa walizindua banda la kuku kwa mkasi uliolazwa kwenye sinia ya shaba, na kuku wenyewe walikuwa wa kuazima. Kijiji kingine hakikuwa na chochote ila kisima. Mwenyekiti wa kijiji alimnong'oneza Mama huku akitokwa na jasho, "Mama, kisima hiki kilishazinduliwa, babu yangu alikuwepo."

"Vizuri," Mama akamjibu. "Basi kimezoea, hakitaona haya."

Msidhani zilikuwa hila tupu. Mgeni akishaondoka na mashada yake, Mama alirudi na fimbo ya chuma, akaichoma barabara kila baada ya hatua kadhaa kama mpishi anayejaribu viazi sufuriani. Ikizama, alimwita mkandarasi aje kuchimba upya mbele ya wanakijiji wote. Makandarasi walimwogopa kuliko kesi. Mmoja aliniuliza huyu mama anakula nini. Nikamwambia ukweli: wali wa kulowekwa, kitunguu na samaki mkavu, na samaki mwenyewe huniibia mimi.

Hivyo barabara zikafika kijiji baada ya kijiji, na nyuma ya barabara wakaja walimu waliokuwa wakisingizia umbali, basi la asubuhi, na muuza barafu. Kikabaki Kendupani.

Kendupani iko mwisho wa wilaya, ng'ambo ya kijito cha Jamunijhora. Kiangazi gari hufika kwa kusukumwa. Mvua zikianza, kijito hukata njia, na mgonjwa hubebwa juu ya kitanda cha kamba, wanaume wanne, maji kifuani. Ukipiga simu kuita gari la wagonjwa, dada mmoja mwenye sauti tamu hukujibu kwamba eneo lako halifikiki, kisha hukutakia siku njema. Katika kila mkutano wa kijiji, mkunga Gurubari Majhi husimama wa mwisho, hukaza sari kiunoni na kuuliza swali lile lile: "Mama Mipango, na sisi je?"

Ana haki ya kuuliza. Mkwewe alijifungulia katikati ya kijito, juu ya kitanda hicho, Gurubari akimshikia mwavuli kwa mkono mmoja na kumpokea mtoto kwa mwingine. Mtoto huyo ni Sukra, ambaye leo ana ndevu, ana mke, na mkewe anatarajia kujifungua mwezi ujao, mvua zikiwa zimepamba moto. Gurubari amesema tangu mwanzo kwamba kitukuu wake hatazaliwa mahali alipozaliwa baba yake.

Mama alijaribu. Alimpata kiongozi mmoja mkubwa sana akakubali kuja Kendupani kuona akina mama wanavyoanika maua ya mti wa mahua, yale yanayoliwa. Tukashangilia mapema. Kiongozi akaja kwa helikopta.

Barabara haikuguswa. Badala yake trekta zilikokota saruji wakati wa kiangazi, na Kendupani ikapata uwanja wa duara wenye herufi kubwa katikati, wa kutulia chombo kilichotua mara moja tu. Gurubari alikitazama kikipaa mpaka kikapotea, vumbi lote likiwa kichwani mwake.

"Sasa, Mama," akasema, "niwaambie wajawazito waote mabawa?"

Watu walicheka. Mama hakucheka. Gari lilipokwama kijitoni alishuka kusukuma na sisi kama kawaida, akapanda amelowa mpaka magotini, na ndipo aliposema, bila kunitazama: "Mzee Khagu, siku gari likifika Kendupani mvua ikinyesha, bila kusukumwa, nitaendesha mimi. Wewe utakaa nyuma kama Mkuu wa Wilaya."

"Siku hiyo, Mama, mimi nitakuwa nimeshachomwa, mmebaki na majivu."

"Nitayaweka kiti cha nyuma."

Na kweli akajifunza kuendesha. Nilimfundisha pale pale kwenye uwanja wa helikopta, kati ya maua ya mahua yaliyoanikwa. Aliangusha lundo moja la majani ya ng'ombe, mali ya Gurubari, na hadi leo anadai lilikuwa limeegeshwa vibaya.

Sasa nifike Januari ya mwaka huu. Mkuu wa Wilaya wetu, kijana mwenye umri wa mwanangu wa mwisho na adabu kumzidi, aliitisha kikao cha kupanga sherehe ya kumuaga. Kwa desturi yetu, mstaafu asipovishwa shali na Mkuu wa Wilaya mwenyewe, akakabidhiwa nazi na kusindikizwa, watu huanza kuulizana aliiba nini. Mimi nilikuwepo kikaoni kwa sababu za chai.

"Mama, tukufanyie ukumbi upi?" akauliza Mkuu wa Wilaya. "Wa zamani au wenye kiyoyozi?"

"Kendupani," akasema Mama.

Mhandisi wetu wa ujenzi, Bwana Satpathy, aliyeketi hapo mbele leo na viatu visafi kwa mara ya kwanza tangu Mei, alipaliwa na biskuti. "Mama, Kendupani hakuna ukumbi."

"Kuna uwanja mzuri wa saruji."

"Hakuna barabara!"

"Kwenye mpango ipo. Ina kalavati na kila kitu. Niliiandika mimi, ukaipiga muhuri wewe."

"Ni awamu ijayo, Mama."

"Mwanangu Satpathy, mimi sina awamu ijayo. Nina tarehe thelathini na moja Julai."

Serikalini kila kitu huahirishwa: daraja, mkutano, hata mvua ikiwezekana. Siku ya kustaafu haiahirishwi na mtu. Alikuwa ameitunza tarehe hiyo kama bibi anayetunza pete kifuani, na sasa aliiweka mezani. Mkuu wa Wilaya alimtazama, akamtazama Satpathy, akaanza kutabasamu kidogokidogo. "Bwana Satpathy," akasema, "mimi nitafika Kendupani kumvisha Mama shali. Sijui kuogelea."

Trekta zilianza kazi wiki ile ile. Lakini mvua mwaka huu iliwahi, na katikati ya Juni kalavati la Jamunijhora lilikuwa bado nondo tupu zimesimama majini. Satpathy akaja ofisini na mwavuli uliopinduka, akaomba kwa upole. Sherehe ifanyike mjini, kalavati litamaliziwa baada ya mvua, anaapa kwa watoto wake. Mama alikuwa anakunja mafaili. Alijua, na sisi sote tulijua, kwamba tarehe yake ikipita hakuna atakayekuwa na sababu ya kuvuka kijito kile tena, na mke wa Sukra angebebwa kitandani.

"Fanyeni mjini," akasema. "Kuleni vizuri. Mimi nitakuwa Kendupani, shada nitajivisha mwenyewe, na waandishi wa habari nimeshawaambia wavae kaptula."

Satpathy aliondoka akiwa mtu mwingine. Akapiga hema kijitoni. Akina mama wa Kendupani wakachepusha maji kwa magunia ya mchanga, Gurubari akiwa juu ya jiwe anaongoza kama anazalisha. "Mhandisi, mwanangu, sukuma!" alikuwa akipiga kelele. "Bado kidogo! Usinilegee hapo!" Jua lilipotoka siku chache mfululizo, zege likamiminwa. Satpathy alilala kando yake kama baba wa mtoto mchanga, akilifunika kwa turubai. Nakukejeli, Bwana Mhandisi, lakini nitakwambia hili mbele za watu: kazi yako nimeipitia, na fimbo ya Mama haikuzama.

Wiki iliyopita, mvua ikimwagika, gari la wagonjwa lilikuja kujaribu njia. Lilipita juu ya Jamunijhora, likapanda mlima, likaingia mpaka uani kwa Gurubari. Gurubari alilizunguka, akapiga bati kwa kiganja. Akamwamuru dereva arudi ng'ambo ya kijito aje tena, ili aamini. Dereva akarudi, akaja tena. Akamfanya mke wa Sukra apande na kulala, ashuke, apande tena. Kisha akakaa mlangoni pa gari, miguu ikining'inia, akajifuta uso kwa pindo la sari, na hiyo haikuwa mvua.

"Tumezoea kukipeleka kitanda begani," akasema. "Leo kitanda kimekuja chenyewe, tena kina taa juu."

Basi, ndugu wageni, ninyi mliofika hapa leo na viatu vikavu, tazameni mlikopita. Hiyo ndiyo zawadi ya kustaafu ya Bi Pramodini Barik, ila yeye ndiye aliyeitoa na sisi ndio tuliopokea. Shali na nazi ni nyongeza.

Mama, wafanyakazi wenzako wa leo na sisi vikongwe wa jana tunakushukuru. Ulitukuta tumezoea kuwa wa mwisho, ukatuzoesha kuuliza kwa nini. Nenda ukapumzike, ule samaki wako mwenyewe, wajukuu wakusumbue, na kila asubuhi usikie basi linapita na ujue ni kosa lako. Maisha yawe mepesi kwako.

Limebaki jambo langu dogo. Desturi inasema mstaafu arudishwe nyumbani kwa gari lenye maua, amekaa nyuma. Leo tumefika Kendupani, mvua inanyesha, hakuna aliyesukuma, na mimi bado sijawa majivu. Ahadi uliitoa mwenyewe, umelowa mpaka magotini. Funguo ziko kwenye usukani. Pale kwenye kalavati uweke gia ya pili, usilitazame lundo lolote la majani, na shada moja la maua naomba unipe mimi. Hotuba zikiisha, utanikuta kiti cha nyuma.

Khageswar Naik, dereva mstaafu