Bi Marlene Hnatiuk Anaiweka Chini Lenzi

Baada ya miaka thelathini na minne ya kukadiria thamani ya sarafu za kale katika duka letu hapa Saskatoon, Bi Marlene Hnatiuk anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Februari. Nimeombwa niandike kwa uchangamfu. Nitajaribu, ila mnanijua nilivyo mwoga.

Alianza kwa kupanga senti za shaba kwenye vikasha, akaishia kuitwa hadi Winnipeg kila wataalamu walipobishana. Tulimwogopa, jamani! Akiinamia lenzi hasemi neno mpaka sarafu irudi juu ya kitambaa, na kimya kile kilitutoa jasho huku theluji imefika madirishani. Na ole wako umletee sarafu uliyoisugua kwa dawa ya meno ing'ae. "Umeiosha, umeiua! Bora ungeniletea na matope yake."

Yeye mwenyewe nilimwona akiogopa mara moja tu, Novemba iliyopita. Alikuja Mzee Peter Wozny, mkulima wa Canora, na senti ya mwaka 1936 yenye nukta chini ya tarehe. Za kweli za aina hiyo ni za kutafuta kwa tochi. Moja tu yaweza kununua shamba. Mzee aliificha ukutani miaka mingi, na kwa hofu ya wezi nyumba haikuachwa tupu hata usiku mmoja. Mkewe, Nettie, alitaka tu kwenda Edmonton kumwona dada yake. "Mwakani, mama," ndilo lilikuwa jibu la mzee kila mwaka. Nettie alizikwa Agosti.

Bi Marlene aliinama, akakawia. Ile nukta ilikuwa tone la lehemu, mtu kaibandika. Akanivuta pembeni. "Nikimwambia, naogopa moyo utamsimama. Nisipomwambia, atarudi kuilinda." Akamwekea chai kwanza, ndipo akamweleza kwamba ile ni senti kama senti nyingine.

Mzee hakulia. Aliuliza tu, "Sasa yule mama nilikuwa namfungia ndani kwa ajili ya nini?" Swali lile linanitisha mpaka leo.

Kesho yake Bi Marlene aliomba kustaafu, miaka mitatu kabla ya wakati aliojipangia. Kumbe naye ana dada, Halifax, mwenye umri wa miaka themanini. Kila likizo iliahirishwa kwa kuogopa kuiacha sefu yetu mikononi mwa watu kama mimi. "Naogopa nimechelewa," alisema.

Bi Marlene, asante kwa jicho lako, na hata kwa ulimi wako. Huku tutakosea, na tutaogopa, mimi wa kwanza. Usitupigie simu kuuliza tunaendeleaje. Dada yako bado yu hai, nenda.