Fundi Nukta Anaondoka Jukwaani

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, kumi na minane kati yake akijibu maswali ya wateja katika jukwaa letu la mtandaoni, Fundi Nukta anastaafu rasmi tarehe 31 Agosti. Jina lake halisi limo ndani ya faili la Idara ya Utumishi. Wanaolikumbuka ni wachache, na Utumishi hawamo: cheti chake cha shukrani kimelazimika kuchapishwa mara mbili. Hili la Nukta alipewa na wenzake wa karakana, kwa sababu hata karatasi ya “Mlango huu usukumwe” aliibandika ikiwa na nukta mwishoni.

Aliajiriwa kama fundi wa kutengeneza cherehani, meza ya tatu kutoka dirishani, na hakuwahi kuhamishwa. Jukwaa lilipoanzishwa, uongozi uliagiza kila idara itoe mtu wa kujibu maswali. Mauzo walitoa bwana mmoja ambaye kwa miaka minne alijibu kila swali kwa “Asante kwa kutuchagua”, hata lile la mteja aliyeuliza kwa nini mota yake inatoa moshi. Sisi wa Stoo tulikuwa tukijibu “Ipo”, bila kusema ni nini wala kiko wapi. Karakana ilimtoa Fundi Nukta kwa sababu siku ya kikao alikuwa likizo.

Waliomwona akifanya kazi hiyo wanajua kwamba hakuandika jibu lolote moja kwa moja kwenye kompyuta. Aliliandika kwanza kwa kalamu katika daftari lake, akakata maneno, kisha akamsomea mtu wa kwanza aliyepita karibu. Mara nyingi mtu huyo alitoka kwetu. “Ukielewa wewe wa Stoo,” alizoea kusema, “ataelewa yeyote.” Hatukujua kama tushukuru. Baada ya hapo aliliandika kwa vidole viwili: kwanza la kufanya sasa hivi, halafu sababu yake, halafu utakavyojua kwamba limefaulu, na mwisho ombi la kurudi kusema kama limefaulu kweli.

Mteja aliyeandika “MSAADA JAMANI HARAKA” aliulizwa kwa upole cherehani yake ni ya aina gani, anashona kitambaa gani, na ameshajaribu nini. Aliyeandika “Dawa ninayo, nicheki pembeni” hakupata upole huo. “Kama unajua, sema hapa,” Fundi alimjibu mmoja wao. “Na mwingine mwenye shida hiyohiyo anapita njia hii.”

Tutamkosa pia kwa sababu ya Nami Pia. Huyu alikuwa mwanachama ambaye kwa miaka sita aliandika “Nami pia nina tatizo hilo” chini ya kila swali, bila kulisoma. Siku moja dada mmoja aliuliza namna ya kupima gauni la mjamzito. Nami Pia akafika na sentensi yake. Fundi akamwandikia: “Ndugu, pole kwa hali hiyo. Taja miezi.” Wafanyakazi wa ghorofa mbili walisikika wakicheka. Baada ya wiki tatu Nami Pia akarudi na swali lenye aya mbili kamili na picha. Leo ni mmoja wa wajibuji wetu wazuri, jambo ambalo mwajiriwa yeyote wa Mauzo hajalifikia.

Fundi alikosea pia, na hapa ndipo sifa yake ilipo. Miaka kumi na mmoja iliyopita, mshonaji anayejulikana jukwaani kama Mama Sare aliuliza kwa nini cherehani yake inaruka mishono. Fundi alimwambia aweke sindano ubapa wake, yaani ule upande wa shina usio wa mviringo, ukitazama kulia. Kwa aina nyingi ni sahihi. Kwa ile ya Mama Sare ilikuwa kinyume. Sindano ikagonga kikombe cha bobini, kile kinachoshika uzi wa chini, na kukipasua, na sare sitini za shule zilikuwa zikisubiri mezani, shule ikifunguliwa Jumatatu.

Fundi alichukua likizo yake mwenyewe, akapanda basi la saa nane akiwa na kikombe kipya katika mfuko wa koti. Alikifunga, akaijaribu cherehani, kisha akabaki siku mbili kupachika vifungo. “Baba, vifungo vyako vimenyooka kuliko majibu yako,” Mama Sare alimwambia mbele ya wasaidizi wake wote, na Fundi ametusimulia hilo mara nyingi kuliko sifa yoyote aliyowahi kupewa.

Aliporudi hakulifuta jibu lile wala hakulirekebisha kimyakimya. Aliliacha jinsi lilivyo, akaandika chini yake: “Nilikosea. Kwa aina hii ubapa hutazama kushoto. Kosa langu limevunja kifaa cha mteja.” Akaweka tarehe. Tulimwuliza kwa nini asilifute tu, aibu iishe. Alisema kuna watu walikwisha kulifuata. Wakirudi na kukuta limebadilika watadhani macho yao ndiyo yaliyowadanganya. Tangu hapo kila alipokosea alifanya vivyo hivyo. Kwa miaka hiyo kumi na mmoja makosa, pamoja na hilo la Mama Sare, yalikuwa arobaini na moja. Wapo kati yetu waliotoka mahali ambako makosa yalifutwa ili kuta zionekane safi, nao walikuwa wakiisoma ile “Nilikosea” polepole, kama mtu anayesoma barua ya nyumbani.

Mwezi wa Juni uongozi ulimpa Fundi ahadi ya mkataba wa miaka miwili zaidi. Tusidanganyane: aliutaka sana. Mkewe aliutaka zaidi. Alitusimamisha getini akasema, “Shemeji zangu, msinirudishie huyu nyumbani. Juzi amenirudishia orodha yangu ya sokoni, eti haielezi vitunguu ni vya kazi gani.”

Mkataba ulikuwa na sharti moja. Jukwaa lilikuwa linahamia kwenye tovuti mpya, yenye kaulimbiu “Ubora Usio na Dosari”, na Mkuu wa Mawasiliano aliona kwamba neno “Nilikosea” mara arobaini na moja haliendani na kaulimbiu hiyo. Fundi alitakiwa ayaondoe masahihisho hayo mwenyewe, kwa hiari. Alisoma barua, akaipigia mstari sentensi moja iliyokosa kitenzi, akaandika chini “Hapana” na nukta, akairudisha. Jioni tulimkuta anapanga bisibisi zake kwa ukubwa. Alijua kwamba meza ile amekwisha kuiacha.

Mkuu wa Mawasiliano, mtu asiyependa kuchelewa, aliifanya kazi hiyo mwenyewe. Aliandika “Nilikosea” kwenye kisanduku cha kutafutia, akateua yote yaliyotokea, akabonyeza kufuta, akatutumia wote barua pepe ya pongezi. Alichofuta ni masahihisho. Makosa yenyewe hayakuwa na neno hilo, kwa hiyo yalibaki, yote arobaini na moja, kila moja likiwa safi na limeandikwa vizuri sana. Kampuni ikawa haijawahi kukosea, na ikawa inawapotosha watu kwa ufasaha. (Mhariri wa jarida hili ametuomba tuifupishe aya hii. Tumeifupisha; ilikuwa ndefu zaidi.)

Siku ya nne mwalimu wa chuo kimoja cha ushonaji alipiga simu mapokezi. Darasa lake, lenye cherehani za aina ile ya Mama Sare, lilikuwa limefuata jibu letu kuhusu ubapa wa sindano, na wanafunzi kumi na wawili walikuwa wamekanyaga pedeli kwa pamoja. “Dada,” alimwambia wa mapokezi, “nina vikombe kumi na viwili vilivyopasuka hapa mezani, na jibu lenu liko mbele yangu. Nimwamini nani sasa?” Dada wa mapokezi alijaribu kumhamishia Mauzo. Huko alishukuriwa kwa kutuchagua.

Alasiri hiyo Mkuu wa Mawasiliano alishuka ngazi kutoka ghorofa ya pili hadi karakana, kwa mara ya kwanza kwa kadiri tunavyokumbuka, maana ilibidi aelekezwe. Fundi hakumsuta. Alifungua droo, akatoa madaftari yake ya miaka yote, na kwa siku tisa akayaandika upya masahihisho arobaini na moja, yakiwa na tarehe zake za zamani. Kwa vikombe kumi na viwili alipanda basi tena.

Alikuwa na ombi moja tu: sahihisho la arobaini na mbili, la kueleza kilichofanyika, liandikwe na aliyefanya. Rasimu ya kwanza ilisema, “Kulijitokeza changamoto za kimfumo.” Fundi aliirudisha na swali: zilijitokeza zenyewe? Ya pili ilisema masahihisho “yaliathirika”. Aliuliza ni nani aliyeyaathiri. Ya tatu ilikuwa na kurasa mbili, na wateja walishukuriwa mara tano kwa uvumilivu wao. Ya nne Mkuu aliileta mwenyewe mkononi, akasimama karibu na meza ya tatu kama mwanafunzi, huku Fundi akiisoma kwa sauti kwa mtu wa Stoo. Ilisema: “Nilikosea. Nilifuta masahihisho bila kusoma yaliyokuwa yakisahihishwa. Yamerudishwa. Ukifuata jibu lolote, soma mpaka chini.” Fundi hakubadilisha neno. Tunaamini hayo ndiyo maandishi bora yaliyowahi kutoka ghorofa ya pili, na tunayasema haya bila kebehi, jambo lililotugharimu.

Mkataba uliletwa tena, safari hii bila sharti. Fundi aliuwaza siku nzima, tukajua ameuwaza kwa sababu alikunywa chai mbili zilizopoa. Kisha akaukataa. Hakuwa na kinyongo. Alisema kwamba katika siku zile tisa, alipokuwa na madaftari, maswali mapya ishirini na matatu yaliingia jukwaani na hakuna hata mmoja wetu aliyejibu. Wote tulikuwa tunamsubiri yeye. Akiongeza miaka miwili, alisema, tutasubiri miaka miwili. Tuliangalia viatu vyetu.

Akaunti yake ya mfanyakazi itafungwa saa kumi na moja jioni tarehe 31. Amekwisha kufungua nyingine, ya mteja, kwa cherehani ya mkewe ambayo kwa miaka yote hii hakuwahi kupata nafasi ya kuitengeneza. Tangu tarehe mosi yeye atauliza, nasi ndio tutakaojibu. Ametuarifu kwamba ana maswali saba, na kwamba atarudi kusema kama majibu yetu yamefaulu.

Fundi, tunakushukuru kwa kila aya uliyomwandikia mtu usiyemjua. Ishi vizuri, upumzike, usikilizane na shemeji yetu kuhusu vitunguu. Nasi utuhurumie: tumeanza kununua madaftari.